Dalali Aliona, Akanyamaza

Leo tuongelee madalali wa nyumba, na nianze na yaliyonikuta mwenyewe.

Nilipomaliza kidato cha sita niliamua kuhama nyumbani nikapange geto langu. Dalali akanizungusha Tabata siku nzima (elfu kumi ya kuzungushwa nilishatoa asubuhi), jioni tukapata chumba. Kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na mwezi mmoja wa dalali juu yake. Ukutani kulikuwa na mstari wa kahawia, usawa wa goti. Sikuuliza, naye hakusema. Ilikuwa mwezi wa pili, jua kali. Mwezi wa nne maji yakafika palepale kwenye mstari. Godoro, redio, vyeti vya shule, kwisha habari. Kumpigia: "Mdogo wangu, si ulipaona mwenyewe?"

Watu wanadhani dalali anashtakiwa akiiba tu. Wapi! Huko majuu kesi nyingi zinatokana na kunyamaza. Chukua California, Marekani. Mtu alinunua nyumba mwaka 1976 kwa dola 170,000. Kumbe kiwanja kilijazwa udongo bila kushindiliwa inavyotakiwa, na haikupita muda udongo ukaanza kuporomoka. Madalali wakajitetea kwamba mwenye nyumba hakuwaambia. Lakini ikaonekana waliuona wavu uliowekwa kwenye mteremko kuzuia udongo, na sakafu ya nyumba ndogo ya wageni waliiona haiko sawa. Mwaka 1984 mahakama ya rufaa ikasema wazi: wewe ndiye mtaalamu, unatakiwa ukague na umwambie mnunuzi. Mwaka uliofuata bunge la jimbo hilo likaliingiza jambo hilo kwenye sheria.

Mstari wangu wa kahawia na ule wavu wao, tofauti iko wapi?

La pili ni kutumikia mabwana wawili. Hapa Bongo tunakuita "cha juu". Mwenye kiwanja anataka milioni kumi, dalali anakwambia kumi na tatu, tatu anaweka mfukoni. Tumezoea mpaka tunaona ni ujanja wa mjini. Ila Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inamtaka wakala amkabidhi aliyemtuma hela zote alizopokea kwa niaba yake, akitoa ujira wake halali. Maana yake zile tatu ni za mwenye kiwanja, na anaweza kuzidai! Sijui wazee wangapi waliouza mashamba Kigamboni wanalijua hili.

Wenzetu kwenye ujira hawacheki na mtu. Tarehe 31 Oktoba 2023, huko Kansas City, baraza la wazee wa mahakama lilikuta chama cha madalali wa Marekani na makampuni makubwa walikula njama kuweka kamisheni juu. Fidia kama dola bilioni 1.8. Machi 2024 chama kikakubali kulipa milioni 418 kumaliza kesi, na tangu Agosti mwaka huohuo dalali anayemtembeza mnunuzi kwenye nyumba lazima kwanza waandikiane mkataba wa malipo. Sisi mpangaji ndiye analipa, na karatasi haoni.

Sasa kwa nini huku hatuwashtaki? Ushahidi, jamani. Dalali ofisi yake ni kivuli cha mwembe na namba ya simu. Risiti hakuna. Ukienda mahakamani utasema nini, "aliniambia"? Yeye atasema hakusema, basi.

Lakini simu hiyohiyo inaweza kumfunga. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inakubali ujumbe wa kielektroniki kuwa ushahidi. Kwa hiyo kabla hujatoa hela, muulize kwa meseji: maji yanaingia? Nyumba ina mkopo benki? Ina kesi ya mirathi? Mwenye nyumba kataja bei gani? Akijibu, usifute. Akisema "njoo tuongee", ushajua. Na hela tuma kwa simu, usimpe mkononi.

Mimi yangu yote tuliongea kwa mdomo, hela nikamhesabia palepale chini ya mwembe. Namba yake haipatikani hadi leo, na chumba kimeshapakwa rangi upya.

Nawakilisha.