Siri za barua pepe kwenye kompyuta ya wengi

Wakaazi wengi wa mtaa wa Skärholmen, kusini magharibi mwa mji wa Stockholm, wana asili ya nchi nyingine, na miongoni mwao wamo waliokimbilia Sweden kutafuta hifadhi. Simu za mkononi zimerahisisha mawasiliano yao na nyumbani, lakini fomu ndefu, viambatanisho na nyaraka za kuchapishwa bado huwarejesha watu kwenye kompyuta ya maktaba ya umma au ile ya kazini. Hapo ndipo barua ya mtu mmoja inapoweza kuangukia macho ya mwingine.

Wengi hudhani kwamba barua zao hazina thamani kwa mtu mwingine. Kumbukumbu za mahakama za Sweden zinaonyesha vingine.

Mwezi Juni 2018 mahakama ya wilaya ya Södertörn, iliyoko Huddinge, manispaa inayopakana na Skärholmen, ilimhukumu mtu mmoja kifungo cha miezi 22 kwa kuwapeleleza Watibeti walioko uhamishoni kwa niaba ya China. Mwaka 2010 mtu mwingine alikuwa amehukumiwa mjini Stockholm kwa kuwapeleleza Wauighur. Kesi hizo hazikuhusu kompyuta za maktaba. Hata hivyo, habari zilizotafutwa hazikuwa siri za kijeshi, bali mambo kama makaazi, jamaa na safari za watu. Hayo ndiyo yanayojaa katika sanduku la barua pepe la mtu wa kawaida.

Kazini

Sheria inamlinda mfanyakazi, lakini kwa mipaka. Tarehe 5 Septemba 2017 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kwamba Romania ilishindwa kulinda faragha ya Bogdan Bărbulescu, aliyefukuzwa kazi mwaka 2007 baada ya mwajiri kufuatilia ujumbe wake wa binafsi. Uamuzi huo haukuwazuia waajiri kufuatilia mitambo yao. Ulitaka mfanyakazi aarifiwe mapema, na ufuatiliaji uwe na sababu na kiasi.

Upande wa pili wa barua

Barua ina mwandishi na mpokeaji, na hatari haiwaangukii sawasawa. Nchini Tanzania, kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka wenye migahawa ya intaneti kuweka kamera za ulinzi. Nchini Uganda, shirika la Privacy International lilidai mwaka 2015 kwamba vyombo vya usalama vilitumia programu ya upelelezi, ikiwemo katika mitandao ya hoteli za Kampala, Entebbe na Masaka, kwa operesheni iliyopewa jina la "Fungua Macho". Serikali ilikanusha madai hayo.

Kwa hiyo, akaunti iliyoachwa wazi Skärholmen inaweza kumfichua mtu aliyeko maelfu ya kilomita mbali, ambaye hakuwahi kuigusa kompyuta hiyo.

Kinga na kasoro zake

Hatua ya kwanza ni kutoka kabisa kwenye akaunti. Kulifunga dirisha pekee hakutoshi. Kompyuta isiruhusiwe kuhifadhi neno la siri, na faili zilizopakuliwa zifutwe, kwani kiambatanisho hubaki kwenye mashine hata baada ya barua kufungwa. Huduma nyingi za barua pepe huonyesha orodha ya mashine zilizoingia katika akaunti. Aliyesahau kutoka anaweza kuifunga akaunti hiyo kutoka kwenye simu yake.

Dirisha la faragha husaidia kutoacha kumbukumbu kwa atakayekaa kitini baadaye. Halimzuii mwajiri anayesimamia mtandao kujua ni tovuti zipi zilizofunguliwa. Aidha, ikiwa mashine imewekewa programu inayonasa kila herufi inayochapwa, neno la siri limekwisha kuvuja kabla ya barua kufunguliwa. Uthibitisho wa hatua mbili, unaodai namba ya ziada kutoka kwenye simu, humzuia mwizi wa neno hilo kuingia baadaye, lakini hauyafichi yaliyoandikwa hapo.

Aliyeko Skärholmen akipelelezwa, anao polisi na mahakama za kukimbilia. Mpokeaji wa barua yake huenda hana. Ndiyo maana barua yenye jina, anwani au safari ya mtu aliyeko nyumbani ni bora isubiri hadi mwandishi awe kwenye kifaa chake mwenyewe.