Kipupwe cha Rwimbogo na Sisi Wenye Sare

Miongoni mwetu askari wa jeshi na wa polisi kuna neno moja linalotumika vibaya mno, nalo ni neno "kutupwa". Mwenzetu akihamishwa kutoka Kigali na kupelekwa Rusizi, ile iliyokuwa ikiitwa Cyangugu, hatusemi kwamba amepangiwa kazi, twasema ametupwa. Sisi wenyewe tulipopata barua ya kwenda Rwimbogo tulipewa pole nyingi kana kwamba tumefiwa. Tumeona ni vyema kulieleza jambo hili kwa urefu kidogo, maana fikra hiyo ina madhara yake, na madhara hayo hayamwangukii askari bali humwangukia raia anayemlinda.

Rwimbogo ni mahali pa vilima, na soko lake la Mushaka liko kando ya barabara itokayo Kamembe kwenda Bugarama. Ukiteremka kusini utafika kwenye tambarare yenye joto, yenye mashamba ya mpunga na kiwanda cha saruji. Ukielekea kaskazini utafika Kamembe, na chini ya Kamembe ndiko liliko Ziwa Kivu, ambako Mto Rusizi huanza safari yake ya kwenda Ziwa Tanganyika. Rwimbogo yenyewe haiko ufukoni. Hata hivyo maisha yake hayawezi kutengwa na ya watu wa ufukoni, kwa kuwa kitoweo cha nyumba nyingi hutoka ziwani, na ziwa likinyamaza hata jiko la mlimani hulijua hilo.

Tulifika mwezi wa Juni, mwanzo wa kipupwe, majira ambayo Wanyarwanda huyaita Impeshyi. Mvua hukatika. Vumbi jekundu hutanda juu ya migomba ya kando ya barabara mpaka majani yake hayatambulikani rangi. Alfajiri huwa na baridi inayopenya koti, hasa kwa mlinzi wa zamu anayekabili upepo wa ziwani. Maharage yamekwisha kuvunwa, watu hufyatua matofali na kuezeka nyumba, harusi hufuatana, na Ijumaa ya kwanza ya Agosti huja sikukuu ya mavuno, Umuganura. Kigali nako kuna majira hayo hayo, lakini huko mkazi aghalabu huyaona kupitia dirishani: bomba hutoa maji, sokoni hakikosekani kitu, na mwisho wa mwezi mshahara huingia. Mtu aweza kuishi jijini miaka kumi asijue mvua ilikatika lini.

Katika chuo cha maofisa tulifundishwa kusoma ramani, na twashukuru kwa elimu hiyo. Ramani yetu ya Rusizi ilituonyesha kila kilima, kila kijito na kila njia ya miguu. Haikutuonyesha kwamba katika mwezi wa Julai chemchemi moja kati ya hizo hutoa maji kwa kiasi cha uzi. Kwa ujinga huo tukawa twapeleka gari kila alfajiri na madumu ishirini, na kina mama waliokuwa wamepanga foleni walitupisha bila neno. Tuliona fahari. Tulidhani ni heshima kwa sare. Siku moja mzee mmoja akatuambia kwa Kiswahili (huku wengi hukisema vizuri kwa sababu ya ujirani na Bukavu), "Afande, msidhani wanawapisha kwa mapenzi. Wanawapisha kwa sababu mna bunduki." Tangu siku hiyo gari letu huenda saa nne, wananchi wakiwa wamekwisha kuchota, na kama hakikubaki kitu twafuata maji mbali zaidi. Tunalo gari. Wao wana vichwa tu.

Lakini jambo lililotufundisha zaidi ni la samaki. Ziwa Kivu kwa asili halikuwa na samaki wengi wa kuishi katika maji ya katikati. Sambaza, ambao leo ndio uti wa mgongo wa uvuvi wake, waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Huvuliwa usiku wa giza, kwa mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu na taa za kuwavutia samaki juu. Usiku wa mbalamwezi kazi hiyo hulala. Na kila mwaka, kwa kawaida kuanzia Agosti, serikali husimamisha uvuvi kwa muda wa miezi miwili hivi ili samaki wazaliane na kukua. Ni amri ya haki. Samaki mdogo akimalizwa leo, mwakani hakuna cha kuvua.

Sasa tutazame nani ana fedha taslimu katika miezi hiyo. Mvuvi hana. Mchuuzi aliyekuwa akipandisha sambaza mlimani hana. Mkulima amekwisha kuuza sehemu ya mavuno yake na anaweka mbegu kwa ajili ya Septemba. Mwenye mshahara usiokatika ni mwalimu, mwuguzi, na sisi. Basi katika mwaka wetu wa kwanza, ziwa likiwa limefungwa, kijana mmoja alikuja jioni langoni na beseni la sambaza wabichi, wangali wanang'aa. Tulimwuliza wametoka wapi. Akasema wametoka ng'ambo. Hatukuuliza zaidi, kwa kuwa jibu hilo lilitufaa; tukalipa, tukakaanga, tukala na ugali wa mihogo tukisifia upishi. Baada ya siku chache askari wa doria ya majini walimkamata kijana huyo huyo na wavu wa kaningini, wavu uliopigwa marufuku. Aliyemkamata alivaa sare, na aliyemlipa alivaa sare.

Wako watakaosema kwamba tunakuza jambo dogo, beseni moja haliwezi kulimaliza ziwa. Hatukubaliani nao. Doria ikikaa majini usiku kucha na baridi ile, halafu mlango wa jikoni kambini ukawa wazi, mwananchi atashika lipi katika hayo mawili? Atashika la jikoni, kwa maana ndilo analoliona mchana. Katika wiki hizo mwenye sare anunue sambaza waliokaushwa kabla ya ziwa kufungwa, au ale maharage, ambayo wakati huo ni mapya na matamu.

Wala hatusemi sheria ilegezwe. Tunasema mtekelezaji aijue hali. Mama aliyekamatwa na kipande cha chandarua akichokora ukingoni apate mboga ya siku moja, na mfanyabiashara anayewagawia vijana kumi nyavu za kaningini kisha akabaki nyumbani kwake, hawa si watu wa daraja moja, ijapokuwa wote wamevunja amri. Askari aliyefika jana na moyo wake ukabaki Kigali humkamata yule wa kwanza, kwa sababu ni rahisi, na yule wa pili humwamkia kwa adabu sokoni. Kumjua wa pili kwahitaji kukaa, kusikiliza, kunywa chai na watu. Anayejiona ametupwa hana subira hiyo.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba katika makabidhiano ya kila kituo cha kandokando ya ziwa na mto, afisa anayeondoka amwandikie anayeingia, pamoja na hesabu ya silaha na risasi, mambo haya pia: ziwa hufungwa lini na kufunguliwa lini, chemchemi zipi hupungua na kuanzia mwezi gani, na ni saa ngapi wananchi huchota. Kitabu tulichokabidhiwa sisi kilieleza mpaka idadi ya viti, lakini hakikuwa na neno hata moja kuhusu maji. Ukurasa huo sasa upo. Wa kwanza kuandika humo alikuwa koplo aliyekuwa akiliendesha lile gari la alfajiri.