Waasi Wasio na Picha

Mwaka wa 1911 kampuni ya Marekani iitwayo Kalem ilitengeneza huko Killarney, upande wa kusini-magharibi wa Ireland, sinema moja juu ya mwasi aitwaye Rory O'More. Msimamizi wake alikuwa Sidney Olcott, mtu aliyezaliwa Toronto kwa wazazi wenye asili ya Ireland. Ilikuwa sinema bubu na fupi. Wachezaji walifumbua vinywa sauti isitoke, na maneno machache yaliandikwa baina ya picha na picha. Lakini milima na maziwa yaliyoonekana yalikuwa ya Ireland yenyewe, na wakati huo Ireland ilikuwa ingali chini ya Uingereza. Watu wasiokuwa na serikali yao walipata kumwona mwasi wao akikanyaga ardhi yao.

Tanganyika ilipata uhuru mwaka wa 1961. Wilaya ya Kilosa ina milima ya kutosha, na ilipata kuwa na waasi wa kutosha. Milima inaonekana, waasi hawaonekani. Jambo hili si upungufu mdogo wa burudani. Ni deni, na kila mwaka upitao deni huzidi.

Msowero imo katika wilaya hiyo. Hapo ndipo, mnamo Novemba 1884, Carl Peters alipomtia Mangungo wa Usagara katika karatasi iliyoandikwa kwa lugha ya Kijerumani, na miezi mitatu baadaye serikali ya Ujerumani ikaitumia karatasi hiyo na nyingine za namna yake kuwa hati ya kuitwaa nchi. Peters alipata sinema yake. Ilitengenezwa Ujerumani mwaka wa 1941, katika utawala wa Hitler; aliyeiongoza ni Herbert Selpin, na aliyejifanya Peters ni Hans Albers, mchezaji mashuhuri mno wa siku zile. Mtu ambaye serikali yake mwenyewe ilimfukuza kazi mwaka wa 1897 kwa ukatili wake alirudishwa mbele ya macho ya watu akiwa shujaa. Na Mangungo je? Jina lake limebaki kuwa tusi. Kila mkataba mbaya utiwapo sahihi, husemwa barazani na hata Bungeni kuwa ni mkataba wa Mangungo. Aliyeghushi akapambwa, aliyeghushiwa akachekwa na wajukuu zake.

Hayo ndiyo yampatayo mtu awaachiaye wengine kazi ya kumchora. Wala habari za Kilosa hazikuishia kwa Mangungo. Miaka 21 baada ya karatasi ile, Vita vya Maji Maji vilivyoanza Umatumbi Julai 1905 vilienea hata vikafika kwa Wavidunda, katika milima iliyo kusini ya Mikumi, na kwa Wasagara. Wana wa nchi ile ile iliyosemekana kuwa imeuzwa kwa hiari walisimama kwa silaha kuikana biashara hiyo. Kama Mangungo ni fumbo, jibu lake ni wao. Lakini mtoto wa shule ajuaye fumbo ni rahisi kupatikana. Ajuaye jibu ni adimu.

Asidhani mtu kwamba kamera haijafika huko. Imefika, tena kila siku. Mbuga ya Mikumi ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka wa 1964, na barabara kuu ya kwenda Iringa hupita katikati yake. Wageni hupiga picha za tembo, na abiria wa basi huinua simu zao dirishani kumpiga picha twiga. Si vibaya kumtazama twiga. Lakini kuna jambo ambalo kamera hizo hazilioni. Katika kuvizima Vita vya Maji Maji, jeshi la gavana von Götzen lilichoma vijiji, mashamba na maghala, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Sehemu kubwa za nchi ya kusini zilibaki ukiwa, na wanyama wakaingia palipokuwa na mashamba. Wanahistoria wamekwisha kueleza kwamba pori la Selous, lililokuwa likipakana na Mikumi, liliongezeka kwa namna hiyo. Basi mgeni asifuye ukimya wa pori la kusini, aghalabu husifu kaburi pasipo kujua.

Wako wasemao kwamba sinema ni ghali. Na wamtazame Rory O'More: hapakuwa na sauti, hapakuwa na rangi, na muda wake haukuzidi sana robo saa. Leo kijana wa Kidodi ana simu yenye uwezo ambao Olcott hakuuota. Kinachokosekana ni nia, wala si fedha.

Wako wasemao kwamba vitabu vyatosha. Ni kweli Ebrahim Hussein alimtunga Kinjeketile, kitabu kikatoka mwaka wa 1969, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikusanya habari za vita hivyo kutoka kwa wazee walio hai wakati huo. Lakini kitabu humfikia asomaye, na wazee wale wamekwisha kufa. Mlima wa Vidunda haujafa. Uko mahali pake, na njia walizopita waasi zingali zinapanda.

Wako pia wasemao kwamba sinema husema uongo, na hao wana haki ya kusikilizwa kuliko wote. Rory O'More wa historia alikuwa mmoja wa waliopanga uasi wa mwaka wa 1641. Yule wa sinema alitoka katika hadithi ya Samuel Lover, akapelekwa katika uasi wa mwaka wa 1798. Akahukumiwa kunyongwa, akaokolewa, akakimbilia Marekani. Huo ndio mwisho uliowapendeza watazamaji waliolipa. Sinema ya Kilosa haina ruhusa ya kufanya hivyo. Wavidunda hawakuwa na Marekani ya kukimbilia. Maji hayakuzuia risasi, na maghala yaliungua. Atakayeificha njaa ili shujaa apendeze atakuwa amemtendea mwasi kama Selpin alivyomtendea Peters, yaani kumpamba mpaka asijulikane.

Basi itengenezwe, hata ikiwa bubu. Ianze Msowero kwa karatasi isiyosomeka, ipande Vidunda pamoja na waliokataa, iishie katika shamba lililoungua. Mtazamaji atakapotoka hapo akapita Mikumi, amtazame tembo kadiri apendavyo, lakini amtazame akijua ni nani aliyelima huko kabla yake.