Tunda Usilolijua Usilile

Masika yanaposhika, ardhi ya Unguja haina ubahili. Uyoga huchomoza penye majani yaliyooza, na kila penye mti pana kilichodondoka. Watoto ndio wa mwanzo kukiona, na mara nyingi ndio wa mwanzo kukitia mdomoni. Jambo hili kwa udogo wake halitajwi katika hotuba, lakini laweza kuondoa roho ya mtu, na kwa hiyo leo tunalisema.

Hatukusudii kuwatisha wananchi na msitu wao. Visiwa hivi vimelea vizazi kwa matunda ya mwituni. Kunazi, ukwaju, zambarau na mabungo si vitu vya kutiliwa shaka. Wazee wa upande wa maweni walijua hata kula mbegu ya mtapo wakati wa njaa. Lakini walijua vile vile kwamba mbegu hiyo ina sumu, na hawakuila ila baada ya kuikata, kuiloweka na kuikausha kwa siku nyingi. Elimu yao ilikuwa na sehemu mbili: kinacholiwa, na namna kinavyoliwa. Hatari yetu ni kurithi nusu ya kwanza na kuiacha ya pili ikazikwa pamoja nao.

Hatari zenyewe hazikujificha. Mbono kaburi hupandwa kuwa ua wa nyumba, na kokwa yake ni tamu kama njugu. Mtoto akizila chache tu hutapika na kuharisha vibaya. Mbegu za mturituri, nyekundu zenye jicho jeusi, hutungwa ushanga; zikitafunwa huua. Mnanaha huota majaani na kwenye magofu, na mbegu zake humpotezea mtu akili.

Zipo pia dhana ambazo hatuna budi kuzikanusha. Ya kwanza ni kwamba anachokula mnyama, binadamu naye hukila kwa salama. Dhana hii hukanushwa na kima punju wa Jozani. Wanyama hao hula majani ya mkungu na ya mwembe, kisha huokota makaa na kuyatafuna. Wataalamu waliowachunguza katika miaka ya 1990 walieleza kwamba makaa hayo hunasa vitu vyenye madhara vilivyomo majanini. Tena tumbo la kima huyo limegawanyika vyumba vyumba, na halifanani na letu. Anayemfuata kima katika chakula na aulize kwanza kama anaweza kumfuata katika dawa.

Dhana ya pili ni kwamba moto huondoa kila sumu. Sumu ya uyoga ulio mbaya kuliko wote duniani haiondoki kwa kuchemshwa. Mlaji huweza kukaa saa sita au zaidi bila ya kuhisi kitu, na baada ya kuugua akaonekana amepata nafuu, kumbe ini lake linaharibika.

Sasa tuje kwenye majina, kwani hapo ndipo penye kazi ya Serikali. Ukisema "mbono", mmoja atafahamu mbarika na mwengine atafahamu mbono kaburi. Makunduchi wana msamiati wao, Tumbatu wana wao, na mjini wana wao. Daktari anayeambiwa jina peke yake huenda akatibu mti mwengine kabisa. Mwaka 1949 R. O. Williams alichapisha kitabu kikubwa juu ya mimea ya Unguja na Pemba, kazi ya kupigiwa mfano. Lakini kitabu hicho ni cha Kiingereza, na mama wa Jambiani ambaye mwanawe amekula asichokijua hawezi kukitegemea.

Kwa hiyo tunatoa wito kwa wahusika wa kilimo, misitu, afya na elimu wakae pamoja na kutoa kijitabu chepesi cha Kiswahili, chenye picha za rangi za jani, ua, tunda na mbegu, pamoja na majina yote ya kila upande na lile moja la kitaalamu. Wataalamu wa Kizimbani wapo, bustani ya mimea ya Migombani ipo, na Chuo Kikuu cha Taifa kipo. Wazee wanaojua nao bado wapo, na hawa ndio wa kuwahiwa. Kijitabu hicho kipelekwe katika kila skuli na kila kituo cha afya, kisiishie katika makabati ya maofisi.

Wananchi nao wasingoje kijitabu. Mtoto na afundishwe kuuliza kabla ya kuonja. Akiwa amekwisha kula, asilazimishwe kutapika. Akimbizwe hospitali, na pamoja naye kichukuliwe alichokila, pamoja na tawi lake na majani yake, au uyoga mzima na shina lake. Kipande hicho chaweza kumwambia daktari yale ambayo mgonjwa hawezi kuyasema.

Wazee walisema usilolijua ni kama usiku wa kiza. Taa ya kiza hiki imo mikononi mwetu; wanaojua kuiwasha ni wazee, na umri hauwangoji.