Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa USCIS: Majina yetu ni mengi, na si ya kujificha

Kwa Mkurugenzi,
Idara ya Uraia na Uhamiaji ya Marekani (USCIS)

YAH: SWALI LA MAJINA MENGINE KATIKA FOMU N-400

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa makusudi. Wewe una wakalimani wa kukusomea. Watu ninaowasemea hawana, na nataka barua hii waisikie wao kwanza. Wengi ni Wakongo wa Kivu, Maniema na Katanga waliopitia kambi ya Nyarugusu kule Kasulu nchini Tanzania, Nakivale na Kyangwali nchini Uganda, au Kakuma nchini Kenya. Leo wako Louisville, Dayton, Des Moines, Abilene, Portland. Katika mwaka wa fedha wa 2016 Marekani ilipokea wakimbizi wa Kongo zaidi ya 16,000, na mwaka wa 2023 zaidi ya 18,000. Kwa kuwa mkimbizi huhesabiwa ukaazi wake tangu siku aliyotua, ikitimia miaka mitano anaweza kuomba uraia. Wale wa 2016 wameshaomba au wako mbioni kuomba, na wale wa 2023 zamu yao inaanza 2027. Foleni hii bado ndefu.

Mwanzoni kabisa mwa fomu hii ya kuomba uraia, mkishapata jina la kisheria la sasa, mnataka majina mengine yote ambayo mwombaji ameyatumia tangu azaliwe. Maelekezo yanataja jina la kabla ya ndoa, majina ya bandia, hata ya utani. Nafasi ya kujibia ni finyu, na ikijaa mtu anapelekwa kwenye kurasa za nyongeza mwishoni.

Sigombani na swali lenyewe, maana sababu yake naifahamu. Septemba 2016 Mkaguzi Mkuu wa Wizara ya Usalama wa Ndani alitoa ripoti kwamba watu wasiopungua 858, walioamriwa kuondoka nchini kwa jina moja, walipewa uraia kwa jina jingine. Alama zao za vidole zilikuwa kwenye kadi za karatasi ambazo hazikuwa zimeingizwa kwenye kompyuta. Januari 2018 mahakama ya New Jersey ikamvua uraia Baljinder Singh, aliyeingia mwaka 1991 akijiita Davinder Singh, akaamriwa kuondoka, kisha akaomba hifadhi kwa jina la pili bila kulitaja la kwanza. Kwa mtu kama huyo, swali lenu ni la haki.

Lakini swali hilohilo linaulizwa mama aliyezaliwa jirani na Baraka, wilaya ya Fizi, mwaka 1961. Huyu si mtu mmoja, Mheshimiwa. Nimekaa na wa aina yake wengi mno, fomu iko mezani na miwani imeazimwa kwa jirani. Alibatizwa Marie. Mwaka 1972 serikali ya Rais Mobutu ikapiga marufuku majina ya Kikristo, na padri aliyembatiza mtoto kwa jina la Kizungu akawa anatishiwa kifungo. Marie akafutwa shuleni, likabaki jina la nyumbani, na jingine la ukoo likaongezwa nyuma yake. (Mobutu mwenyewe, aliyekuwa Joseph-Désiré kabla ya kuwa Sese Seko na yote yaliyofuata, angehitaji karatasi ya nyongeza.) Utawala ulipolegea miaka ya 1990, Marie akarudi kwenye vyeti vya kanisa. Wakati huo mama alikwishazaa, na tangu kifungua mimba wake aitwe Furaha, hakuna jirani aliyemwita vingine ila Mama Furaha.

Vita vya 1996 vikamvusha ziwa mpaka Kigoma. Karani wa kambi akamwandikia kwa desturi ya Tanzania: jina lake, la baba, la babu. Karani aliandika kama sikio lake lilivyozoea, ndiyo maana Ramazani wa Uvira alitoka mle ndani akiwa Ramadhani, na Amisi akawa Hamisi. Jean wengine wakawa John. Miaka ikapita, ukafika usaili wa kuhamishiwa Marekani, na fomu ya huku ikataka jina la kwanza, la kati na la mwisho. Jina la babu likakaa mwisho. Mama wa watu akashuka uwanja wa ndege akiitwa kwa jina la mzee aliyekufa kabla yeye hajazaliwa.

Sasa mhesabie majina. Hakuna hata moja alilolichagua ili ajifiche. Moja lilitoka kwa padri, moja la ukoo liliongezwa kwa agizo la rais, jingine aliletewa na mtoto, jingine na karani, na la mwisho limetoka kwenye mpangilio wa fomu zenu. Akiulizwa kama amewahi kutumia majina mengine, anajibu hapana, na anajibu kwa moyo mweupe, kwa sababu kwa akili yake kutumia jina jingine ni jambo la matapeli. Ukimuuliza, "Mama, kanisani wanakuitaje? Kwenye kadi ya chakula kule kambini waliandika nini? Shuleni je?" atakutajia yote bila kigugumizi, na atakuongezea na la shangazi yake.

Hapo ndipo penye ombi langu. Swali limeulizwa kwa namna ambayo mwongo hupita nalo kirahisi na mkweli hujikwaa.

Afisa naye akipokea faili la familia huona ajabu nyingine: watoto sita wa baba mmoja na mama mmoja, kila mmoja na jina lake la mwisho. Kwetu Kongo kila mtoto hupewa jina lake, la bibi, la babu, au la tukio la siku ile. Pacha Mrundi ni Bukuru, mwenzake ni Butoyi. Kulwa na Doto wa Tanzania wanaweza kuitwa hivyo mpaka uzeeni huku vyeti vikisema kitu kingine kabisa. Na wale waliokuja na pasipoti yenye jina moja tu wameandikiwa FNU kwenye viza, yaani jina la kwanza halijulikani. Wapo wanaoitwa kwa herufi hizo zahanati na benki kana kwamba ndivyo walivyoitwa siku ya arobaini yao. Je, FNU nalo ni la kutajwa? Watu wananiuliza. Nawaambia walitaje, kwa kuwa limo kwenye karatasi zenye picha yao, ila ningependa wajibiwe na idara yako kuliko na mimi.

Kosa la jina si dogo tena. Serikali inaweza kwenda mahakamani kumvua mtu uraia kwa kesi ya madai bila ukomo wa miaka, na waraka wa Wizara ya Sheria wa Juni 2025 umezifanya kesi hizo kuwa kipaumbele. Kweli, Mahakama ya Juu iliweka mpaka mwaka 2017 katika kesi ya jinai ya Divna Maslenjak, mkimbizi kutoka Bosnia: uongo wenyewe lazima uwe umechangia kuupata uraia. Katika kuisikiliza kesi ile Jaji Mkuu Roberts alisema aliwahi kuendesha gari maili 60 kwa saa palipoandikwa 55 bila kukamatwa, akauliza kama na hilo angepaswa kulitaja kwenye fomu. Wakili wa serikali akajibu ndiyo. Jaji hakuamini masikio yake. Mama Furaha hana wakili wa kumfikisha mbele ya Roberts. Akisikia kwamba jina lililoachwa linaweza kumrudishia kesi baada ya miaka 20, anafanya moja kati ya mawili: anaacha kuomba, au anaandika lile moja tu la kwenye grinkadi na kumwachia Mungu.

Liko jambo moja zito zaidi, ambalo wenzangu hawapendi lizungumzwe hadharani. Kambini watu huishi ndani ya kesi. Familia nzima ina namba moja ya faili. Mtoto aliyeokotwa njiani, au wa dada aliyeuawa, aliingizwa kwenye kesi ya mjomba kama mtoto wa kumzaa, akapewa jina la mjomba ili asibaki peke yake. Wapo pia watu wazima walionunua nafasi ya aliyekufa au aliyerudi Kongo. Hawa wa pili siwatetei. Walijua walichokifanya, na wamewazibia njia wengine waliosubiri miaka kumi na zaidi. Lakini mtoto aliyeandikishwa akiwa na miaka 6 hakumdanganya mtu. Leo ana miaka 24, anafanya kazi kwenye kiwanda cha nyama, anataka kuapa, na jina la baba yake halisi analikumbuka vizuri. Akilitaja, anaogopa kumtia mjomba matatani. Asipolitaja, anaanza uraia wake na uongo ambao safari hii ni wake mwenyewe. Sheria yenu huadhibu udanganyifu wa makusudi, na mtoto wa miaka 6 hana makusudi hayo. Basi lisemeni wazi kwenye maelekezo, kwa sentensi moja inayoeleweka, kwamba jina aliloandikiwa mtu utotoni na mkubwa wake si udanganyifu wake, na kwamba kulitaja sasa hakutahesabiwa dhidi yake.

Mengine ninayoomba hayana gharama kubwa. Swali livunjwe liwe maswali madogo: jina la kuzaliwa, la dini, la shule, la kambini, la ndoa, na namna nyingine ambavyo jina lako liliwahi kuandikwa. Maelekezo yaseme kama Mama Furaha ni jina la kutaja au si la kutaja. Lolote mtakaloamua tutalifuata. Wakati wa usaili afisa hulipitia ombi lote, husahihisha kilichobadilika, na mwombaji hutia saini tena. Jina linalokumbukwa pale, mbele ya afisa, kwa hiari, liingie kama sahihisho na si kama ushahidi wa uongo. Na kwa kuwa mnachukua alama za vidole za karibu kila mwombaji, kazi ya kumnasa aliyewahi kufukuzwa kwa jina jingine iacheni kwenye vidole. Lile kosa la kwenye ripoti ya 2016 lilikuwa kosa la kadi zisizoingizwa kwenye mtambo.

Nanyi mnaojiandaa kuomba, hasa wazee: msingoje fomu ibadilike. Kaeni na watoto wenu, toeni kila karatasi mliyotoka nayo kambini, cheti cha ubatizo, ripoti ya shule, kadi ya kliniki, na mwandike kila jina na kila tahajia mnayoiona, hata kama tofauti ni herufi moja tu. Nafasi ikijaa, endeleeni kwenye kurasa za nyongeza. Na yule ambaye jina lake lilikuja kwa kesi ya mtu mwingine asitume fomu mpaka aonane na wakili wa uhamiaji, au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria. Asiende kwa mtu wa mtaani anayejaza fomu kwa dola 50.

Wako katika ujenzi wa nchi hii,
Mkalimani wa Kiswahili