Utani wa jeneza: nani anasikia?

Ukikuta meme ya jeneza kwenye simu yako, unacheka kwanza ama unaangalia kwanza nani yuko karibu? Hapa Kenya hilo si swali la mchezo tena.

Kumbuka mwisho wa 2024. Vijana walitumia akili unde kutengeneza picha za Rais William Ruto akiwa ndani ya jeneza. Wazee wakasema huo ni uchuro. Wakubwa serikalini wakasema ni utovu wa nidhamu. Desemba hiyo vijana kadhaa wakatoweka, akiwemo mchoraji katuni Gideon Kibet, unayemjua kama Kibet Bull. Yeye na wenzake kadhaa walipatikana wakiwa hai Januari 2025.

Usidhani ni nyanyako peke yake anayeamini kwamba maneno huumba. Sheria yetu pia inaamini! Soma kifungu cha 40 cha Kanuni ya Adhabu: ukiwazia kifo cha Rais, kisha uchapishe wazo hilo, huo ni uhaini, na adhabu yake ni kifo. Mzizi wake ni sheria ya Uingereza ya 1351 iliyomlinda mfalme. Sasa mzee anayekukataza kutaja nyoka usiku, eti useme kamba, ana tofauti gani na hao?

Manze, picha haiui. Waliokufa tarehe 25 Juni 2024 karibu na Bunge hawakuuawa na meme, waliuawa kwa risasi. Na wengi wetu tulicheka siku hizo kwa sababu tulikuwa tunaogopa.

Lakini miiko ya wazee ina maana yake. Msibani hutaji madeni ya marehemu, si eti ataamka akudai, ni kwa sababu mjane anasikia. Hapo ndipo pa kupimia. Rais ana familia, sawa, lakini pia ana walinzi, polisi na kila kipaza sauti nchini. Mama ambaye mtoto wake ametekwa ana simu tu, na anaisoma usiku kucha. Ukimwandikia "huyo mtafuteni Mto Yala", na unajua miili iliwahi kuopolewa huko, hujamtania mkubwa yeyote. Umemzikia mtu mwanawe kabla hajajua kama amekufa.

Kwa hivyo chora, cheka, wasumbue wenye mamlaka. Ila kabla hujabonyeza tuma, jiulize: atakayesoma hii ana walinzi, ama ana matanga?