Shule za ‘Kimarekani’: Vigogo wanachagua, walalahoi wanauziwa jina

Na Mwandishi wa Kujitegemea

SHANGAZI yangu aliuza kiwanja chake cha Chanika kwa bei ya kutupa. Muda wa kulipa ada ulikuwa unayoyoma na mwanawe alikwisha kuahidiwa nafasi katika shule moja ya nchi jirani, yenye bendera ya Marekani langoni na tai kwenye nembo. Wakala aliyemletea fomu, kijana mtanashati wa suti na mkoba, alimwambia neno moja tu: “Mama, huu ni mtaala wa Marekani.” Basi. Shangazi hakuuliza la pili. Nani angeuliza? Sisi wa Gongo la Mboto tukisikia Marekani tunadhani ni muhuri.

Kijana alikaa kule miaka miwili akarudi na diploma ya sekondari yenye lakiri ya dhahabu. Alipotaka kuomba chuo kikuu hapa nyumbani akaambiwa apeleke cheti Baraza la Mitihani kikafanyiwe ulinganifu, athibitishe na shule ile inatambuliwa na nani. Asasi iliyoandikwa chini ya cheti haikujulikana Dar es Salaam wala Marekani kwenyewe. Leo anatengeneza simu. Kiwanja kina nyumba ya mtu mwingine.

Ndugu msomaji, usiniambie hayo ni ya shangazi na ushamba wake. Katika mji huu huu wapo wakubwa ambao watoto wao wanasoma shule za mtaala huo huo, Nairobi, Dubai na kwingineko, na sijasikia hata mmoja aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia. Wanajua kuchagua. Kama wanajua, mbona hawatuambii?

Mimi ni wa kidato cha nne tu, tena wa shule ya kata, nimemaliza mwaka 2016. Lakini baada ya mkasa ule nilikaa chini nikasoma, na niliyoyakuta nayaandika hapa bure, bila posho ya kikao.

Kwanza, hakuna mtaala mmoja wa Marekani. Katiba yao haitaji elimu popote. Mambo ya shule ni ya majimbo, nayo yako 50. Sheria zao zinaizuia hata wizara ya elimu ya Washington kuyapangia majimbo mtaala. Mwaka 2010 vilitolewa viwango vya pamoja vya hisabati na Kiingereza, majimbo mengi yakavikubali, Texas na Virginia wakavikataa. Kwa hiyo mwenye shule akikutamkia “mtaala wa Marekani”, muulize: wa jimbo gani, au wa viwango gani? Akianza kugugumia, chukua mkoba wako uondoke.

Pili, na hapa ndipo shangazi alipoangukia, diploma yao si cheti cha mtihani wa taifa kama huu wetu. Alama zinatolewa na walimu wa shule yenyewe mwaka hadi mwaka, zinajumlishwa, mtoto akifikisha idadi ya masomo yanayotakiwa anapewa karatasi. Maana yake thamani ya karatasi ni thamani ya shule iliyoitoa, basi. Ndiyo maana wenyewe wana asasi za kutoa ithibati: New England ya tangu 1885, Middle States ya tangu 1887, WASC ya majimbo ya magharibi, na Cognia. Nembo ya ukutani isikubabaishe, rangi inauzwa Kariakoo. Ingia katika orodha ya asasi yenyewe ulitafute jina la shule. Ni kazi ya dakika tano, hata kwa simu ya kuazima.

Halafu kuna mitihani inayoitwa AP, ya College Board, inayofanywa kila Mei na kupewa alama kuanzia 1 hadi 5. Hii inasahihishwa nje ya shule, haina upendeleo wa mwalimu. Vyuo vikuu vya Uingereza kwa kawaida havimpokei mwenye diploma tupu. Vinataka na AP zake. Binamu yangu hakufanya hata moja. Hakuambiwa kwamba ipo! Mzazi anayejua anauliza: mnafundisha AP za masomo mangapi, na mwaka jana wangapi walipata 3 kwenda juu? Anaangalia takwimu, bwawa la kuogelea baadaye.

Wenzetu wa Dubai walilifanya jambo hili kuwa la wazi. Mamlaka yao ya elimu ilianza mwaka 2008 kukagua shule binafsi, zikiwamo za Kimarekani, na kuchapisha ripoti kwa majina: hii bora, hii dhaifu. Mpishi wa hoteli na mwenye hoteli wanasoma ripoti moja. Wizara yetu inashindwa nini kubandika orodha ya shule za nje ambazo vyeti vyake vinakubalika hapa? Karatasi moja tu, kwenye ubao wa kila ofisi ya elimu ya wilaya. Wakala wa suti angekosa kazi siku hiyo hiyo.

Sasa tuje kwenye fedha, kwani hapa pana utata. Shule hizi, zile za kweli, hazikujengwa kwa ajili ya mshahara wa Kiafrika. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ina ofisi ya shule za ng’ambo tangu mwaka 1964, inazisaidia shule karibu 190 duniani, ili watoto wa watumishi wao wasome. Ada ya hao inalipwa na serikali yao. International School of Kenya iliyoanzishwa mwaka 1976 ni ya Marekani na Kanada kwa pamoja, na madarasa yake ya juu ada inapita dola 20,000 kwa mwaka. Hizo si chini ya shilingi milioni 45, kwa mtoto mmoja, bila basi wala sare.

Mwanadiplomasia analipiwa na Washington. Mfanyabiashara analipa kwa faida yake, hatuna ugomvi naye. Je, mheshimiwa anayeishi kwa mshahara wa umma analipiwa na nani?

Nauliza kwa uchungu. Mwaka 2014 wazazi wetu walichangishwa kujenga maabara za shule za kata, wengine kwa kutishwa na watendaji. Ya kwetu ilibaki chumba chenye meza. Katika mtihani wa kidato cha nne wa 2012 zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri. Nitajieni mtoto wa waziri aliyekuwamo.

Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 inamtaka kiongozi atamke mali na madeni yake, ya mwenzi wake, na ya watoto wake walio chini ya miaka 18 wasiooa wala kuolewa. Lakini ada ikishalipwa si mali, na wala si deni. Wabunge wetu wa upinzani wapeleke hoja binafsi sheria irekebishwe: kila kiongozi ataje shule, nchi, ada na mlipaji. Tuone nani wa kwanza kusimama kuipinga.